Kutoka Maziwa ya Panya hadi Bawa la Nzi

Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Kidato cha Sita katika shule moja ya sekondari. Kwa muda wa saa nzima nilieleza jinsi wataalamu wanavyochunguza ukuaji wa nzi wadogo wa matunda, wale ambao kila mmoja wetu huwaona wakizungukazunguka juu ya ndizi zilizoiva mno. Nilipomaliza, kijana mmoja alisimama akauliza: “Mwalimu, shangazi yangu alifariki mwaka jana kwa kansa ya titi. Je, fedha zinazotumika kuchunguza mabawa ya nzi zisingetumika vizuri zaidi kuwatibu watu kama yeye?”

Darasa zima lilinyamaza. Nilimpa kijana yule pole, kisha nikajibu kwa maneno ya jumla kuhusu umuhimu wa sayansi. Sikuridhika na jibu langu, wala sidhani kwamba yeye aliridhika. Makala hii ni jaribio la kumjibu upya, kwa mfano ulio wazi zaidi kuliko maneno ya jumla.

Mfano wenyewe ni kazi ya maisha ya mtaalamu mmoja, Profesa Roel Nusse, aliyezaliwa mjini Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1950. Alianza kwa kuchunguza kansa ya matiti ya panya. Uchunguzi huo ulimpeleka kwa nzi bila ya yeye kukusudia. Na kutoka kwa nzi akarejea kwenye kansa ya binadamu akiwa na maarifa ambayo ni vigumu kufikiri yangepatikana kwa njia nyingine.

Seli na ishara zake

Kabla ya kumfuata Nusse katika safari yake, yafaa tukumbuke jambo moja la msingi. Mwili wa kila mmoja wetu ulianza kama seli moja, yaani yai lililorutubishwa. Seli hiyo iligawanyika ikawa mbili, nne, nane, na kuendelea mpaka kufikia matrilioni. Karibu kila seli kati ya hizo ina maagizo yale yale ya urithi, yaliyoandikwa katika DNA. Hata hivyo seli ya ini haifanani na seli ya ubongo, na mkono haukui mahali pa sikio. Je, kila seli hujuaje mahali pake na wajibu wake?

Jibu ni kwamba seli hupashana habari. Seli moja hutoa protini maalumu nje ya mwili wake. Protini hiyo huifikia seli jirani na kujishika katika kipokezi kilichoko juu ya ngozi ya seli hiyo. Na kipokezi hupitisha habari hiyo ndani, mpaka kwenye kiini, ambako jeni fulani huamshwa na nyingine hulazwa. Kijijini mbiu ya mgambo ikilia, wote huisikia, lakini mwenye jembe hushika jembe na mwenye ndoo hushika ndoo. Ndivyo ilivyo katika mwili: ishara ni moja, na kila seli huitikia kwa kadiri ya hali yake. Kazi ya Nusse ni habari ya mbiu moja kati ya hizo.

Ugonjwa uliopitia kwenye maziwa

Mnamo mwaka 1936 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye John Bittner alitangaza jambo la kushangaza. Alikuwa na koo mbili za panya wadogo wa maabara. Katika ukoo wa kwanza, majike wengi walipata kansa ya matiti. Katika ukoo wa pili, ugonjwa huo ulikuwa nadra. Wengi walidhani kwamba tofauti hiyo ilitokana na urithi pekee. Bittner alichukua watoto wa ukoo wa kwanza mara walipozaliwa, akawapa mama wa ukoo wa pili wawanyonyeshe. Watoto hao walipokua, kansa ilipungua sana miongoni mwao. Basi kulikuwa na kitu kilichokuwa kikipita katika maziwa. Baadaye ilithibitika kwamba kitu hicho kilikuwa kirusi.

Hapa nataka kusimama kidogo, ili msomaji asije akaondoka na hofu isiyo na sababu. Jambo hili ni la panya. Haijathibitishwa kwamba kansa ya matiti ya binadamu huambukizwa kwa maziwa ya mama. Kinyume chake, uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kunyonyesha humpunguzia mama uwezekano wa kupata kansa ya titi. Walimu wanaofundisha habari hii darasani hawana budi kulisisitiza jambo hilo.

Kirusi cha panya tunachokizungumzia ni cha jamii ya retrovirusi. Maagizo yake ya urithi yameandikwa katika RNA, si katika DNA. Kikiingia katika seli, hutengeneza nakala ya DNA ya maagizo hayo, na nakala hiyo hupachikwa katikati ya DNA ya seli yenyewe. Kimeng’enya kinachofanya kazi hiyo ya kunakili kinyumenyume kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake.

Nusse aliyakuta maswali haya alipokuwa akisomea shahada ya udaktari huko Amsterdam, katika Taasisi ya Kansa ya Uholanzi. Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba baadhi ya virusi viletavyo kansa kwa wanyama hubeba ndani yake jeni yenye kuleta kansa. Lakini kirusi cha maziwa ya panya hakikuwa na jeni ya namna hiyo. Tena kilifanya kazi yake polepole, kwa muda wa miezi mingi. Swali likawa: ikiwa kirusi hakichukui silaha, chaua kwa nini?

Kutafuta mahali pale pale

Mwaka 1980, baada ya kupata shahada yake, Nusse alikwenda San Francisco, Marekani, kufanya kazi katika maabara ya Harold Varmus. Mwaka 1989 Varmus na mwenzake Michael Bishop walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba jeni za kansa zilizomo katika baadhi ya virusi asili yake ni jeni za kawaida za seli.

Wazo lililowaongoza Nusse na Varmus linaweza kuelezwa kwa mfano wa barabara. Lori moja likipata pancha njiani, twasema ni bahati mbaya. Lakini malori mengi yakipata pancha mahali pale pale, mtu mwenye akili hushuka akatazama kuna nini mahali hapo. Nakala ya kirusi hupachikwa karibu popote katika DNA ya panya, kama kwa bahati nasibu. Lakini iwapo katika uvimbe wa panya mbalimbali nakala hiyo itakutwa imeangukia mahali pamoja, basi yaelekea mahali hapo pana jeni ambayo ikiguswa huleta kansa.

Nusse alichagua uvimbe uliokuwa na nakala moja tu mpya ya kirusi. Alikitoa kipande cha DNA ya panya kilichopakana na nakala hiyo, akakitumia kama alama ya kupekulia uvimbe wa panya wengine. Mwaka 1982 yeye na Varmus walichapisha matokeo: katika uvimbe mwingi waliouchunguza, kirusi kilikuwa kimejipachika katika eneo lile lile moja. Jeni iliyokuwapo hapo waliiita int-1.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha jinsi madhara yanavyotokea. Kirusi hakikuivunja jeni ya int-1. Kilijipachika kando yake, na kwa kuwa kina swichi yake yenye nguvu, kiliiwasha jeni ambayo katika titi la panya mzima hulala. Mwaka 1988 kundi la Varmus lilithibitisha jambo hilo kwa njia nyingine: panya waliopandikizwa int-1 yenye swichi ya namna hiyo walipata uvimbe wa matiti.

Sasa jeni ilikuwa mkononi. Lakini jeni haikuumbwa ili ilete kansa. Lazima ilikuwa na kazi yake ya halali, na kazi hiyo hakuna aliyeijua. Nusse, ambaye alikuwa amekwisha kurudi Amsterdam, angeweza kuitafuta kazi hiyo kwa panya peke yake. Lakini mimba ya panya hukua tumboni, mahali pasipoonekana kwa urahisi, na katika miaka ile kuziondoa jeni za panya moja moja kulikuwa bado ni ndoto. Ndipo akaamua kuuliza kama wadudu nao wana jeni hiyo.

Nzi asiye na mabawa

Mwaka 1973, mtaalamu aitwaye R. P. Sharma alitoa taarifa fupi kuhusu nzi wa matunda mwenye hitilafu ya urithi iliyomfanya akose mabawa. Hitilafu hiyo ikapewa jina wingless, maana yake “pasipo bawa”. Sharma aliifanya kazi hiyo nchini India, wala haikuwa na uhusiano wowote na kansa. Ilikuwa ni taarifa ya mtu aliyetazama kwa makini akaandika alichokiona.

Miaka michache baadaye, mjini Heidelberg, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walianza kazi kubwa ya kutafuta jeni zote zinazoongoza ujenzi wa kiinitete cha nzi. Matokeo yao ya kwanza yalitoka mwaka 1980, na mwaka 1995 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis. Jeni ya wingless ilikuwamo katika orodha yao. Mwili wa buu wa nzi umegawanyika katika pingili. Sehemu moja ya kila pingili ina mkanda wa vijimeno vidogo, na sehemu nyingine ni laini. Viinitete vilivyokosa kabisa kazi ya wingless vilipoteza sehemu zile laini. Vijimeno vilitapakaa kila mahali, na viinitete vilikufa. Kwa hiyo ilionekana kwamba jeni hii huziambia seli za pingili nini kiwe wapi.

Mwaka 1987 kundi la Nusse lilitangaza kwamba limeipata jeni ya nzi inayofanana na int-1. Na jeni hiyo haikuwa ngeni: ilikuwa ni wingless yenyewe.

Msomaji na atulie hapa afikiri. Panya na nzi wametengana katika ukoo wa viumbe kwa muda unaozidi miaka milioni mia tano. Hata hivyo protini ile ile inayoleta uvimbe katika titi la panya, ikiamshwa pasipo wakati wake, ndiyo inayoagiza pingili na mabawa ya nzi. Watu waliokuwa wakitafuta chanzo cha kansa, na watu waliokuwa wakitazama mabuu kwa hadubini, waligundua kwamba kwa miaka mingi walikuwa wakisoma kitabu kimoja, kila mmoja kwa jalada lake. Mwaka 1991 wataalamu walikubaliana juu ya jina moja la jamii yote ya jeni hizi: Wnt, lililotokana na kuunganishwa kwa wingless na int. Leo twajua kwamba binadamu ana jeni 19 za jamii hiyo.

Chura na panya watoa ushahidi

Mwaka 1989 Andrew McMahon na Randall Moon walichukua RNA yenye maagizo ya int-1 wakaidunga katika viinitete vichanga vya chura aitwaye Xenopus laevis. Huyu ni chura mwenye kucha, ambaye asili yake ni kusini mwa Afrika, na ambaye alisambaa katika maabara za dunia kwa sababu zamani alitumika kupimia mimba za wanawake. Baadhi ya viinitete vilivyodungwa viliota mhimili wa pili wa mwili: viluwiluwi wawili walioungana, wenye vichwa viwili.

Mwaka uliofuata, njia ya kuziondoa jeni za panya ilipokwisha kupatikana, makundi mawili nchini Marekani yaliiondoa int-1 yenyewe. Wengi wangetarajia kuona kasoro katika matiti. Kilichoonekana ni panya waliokosa sehemu ya kati ya ubongo na ubongo mdogo. Basi kazi ya halali ya jeni hii “ya kansa” ilikuwa ni kusaidia kujenga ubongo. Uvimbe wa titi ulitokea kwa sababu agizo la ujenzi lilitolewa mahali pasipo pake na wakati usio wake.

Ndoo iliyotoboka

Ilibaki kujua jinsi agizo hilo linavyosafiri ndani ya seli. Hapa nzi aliendelea kuwa mwalimu. Kwa kulinganisha nzi wenye hitilafu mbalimbali, wataalamu waliweza kuzipanga jeni moja baada ya nyingine, kama mtu afuataye mfereji kutoka mtoni hadi shambani. Nusse mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1990, na mwaka 1996 kundi lake, pamoja na kundi la Jeremy Nathans, lilionyesha kwamba kipokezi cha Wnt ni protini iitwayo Frizzled. Nayo pia ilikwisha kujulikana kwa nzi, kwa sababu ikiharibika, vinyweleo vya bawa hukosa mpangilio.

Tuchukue mfano wa ndoo iliyotoboka, inayotiwa maji ya bomba mfululizo. Maji huingia na maji hutoka, na ndoo haijai. Katika seli, maji hayo ni protini iitwayo beta-katenini. Seli huitengeneza wakati wote, na wakati wote kuna kundi la protini linaloikamata na kuiteketeza. Kundi hilo ndilo tundu la ndoo. Wnt inapowasili na kukishika kipokezi, tundu huzibwa. Beta-katenini huongezeka, huingia katika kiini, na huko hushirikiana na protini nyingine kuziamsha jeni za kukua na kugawanyika. Wnt ikiondoka, tundu huzibuka na ndoo hushuka tena.

Wakati huohuo, madaktari walikuwa wakizichunguza familia zenye ugonjwa wa kurithi unaoleta mamia, hata maelfu, ya vinundu katika utumbo mpana. Mtu mwenye ugonjwa huo, asipopasuliwa na kuondolewa utumbo mpana, karibu hana njia ya kuiepuka kansa. Mwaka 1991 jeni iliyoharibika katika familia hizo ilipatikana, ikaitwa APC. Lakini protini yake ilifanya nini? Hakuna aliyejua. Mwaka 1993 makundi mawili yalikuta kwamba protini ya APC hushikamana na beta-katenini. Wakati huo wataalamu wa nzi walikwisha kuijua beta-katenini kama mjumbe wa wingless. Mara moja jambo likaanza kufunuka: APC ni sehemu ya lile tundu la ndoo. Ikiharibika, tundu limezibwa moja kwa moja. Seli hutenda kana kwamba Wnt inaita usiku na mchana, ingawa hakuna aliyeita.

Nayo si habari ya familia chache tu. APC huharibika pia katika sehemu kubwa ya kansa za utumbo mpana zisizo za kurithi, na kansa hiyo ni miongoni mwa zile zinazoua watu wengi zaidi duniani. Ikumbukwe kwamba jeni ya APC ilipatikana kwa kuwachunguza wagonjwa, lakini maana yake ilisomwa kwa msaada mkubwa wa nzi.

Protini iliyokataa kusafishwa

Mtu angedhani kwamba baada ya kuigundua jeni mwaka 1982, kuipata protini yake ikiwa safi na yenye uwezo wa kufanya kazi kungechukua mwaka mmoja au miwili. Kulichukua miaka 21. Wengi walijaribu wakashindwa. Protini ilishikamana na vyombo, ikaganda, au ikapoteza nguvu. Mwaka 2003 kundi la Nusse lilifaulu, nalo likaeleza kiini cha tatizo: protini ya Wnt imeunganishwa na asidi ya mafuta. Mama yeyote aoshaye sufuria ya pilau anajua kwamba mafuta hayatoki kwa maji matupu. Wataalamu nao iliwabidi watumie namna ya sabuni ili protini hiyo ibaki ndani ya maji bila kuganda.

Mafuta hayo yana maana katika maisha ya seli. Kitu chenye mafuta hakisafiri mbali katika majimaji ya mwili. Kwa hiyo Wnt aghalabu huwa ni neno la jirani kwa jirani, si tangazo la mji mzima. Na kundi hilo lilionyesha kwamba Wnt iliyosafishwa huweza kuzisaidia seli za shina za damu kuongezeka bila kupoteza ushina wake. Seli za shina ni zile zinazobaki akiba, ili zizae seli mpya badala ya zile zinazochakaa.

Hapo ndipo kazi ya Nusse ilipogeukia swali la jinsi mwili mzima unavyojikarabati. Mwaka 2015 kundi lake lilieleza kwamba katika ini la panya kuna seli zilizozunguka mshipa wa kati, zinazopokea Wnt kutoka katika mshipa huo na kugawanyika polepole ili kuzaa seli nyingine za ini. Wataalamu wengine wameona ushahidi kwamba seli za sehemu nyingine za ini nazo huchangia, na mjadala huo umekuwa wa manufaa. Nusse alipewa Tuzo ya Breakthrough ya mwaka 2017 katika sayansi za uhai, na mwaka 2020 akapewa Tuzo ya Gairdner ya Kanada.

Kwa nini dawa si rahisi

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa njia ya Wnt imejulikana, kwa nini tusiikate, kansa ikaisha?

Jibu ni kwamba njia ile ile ndiyo inayotuweka hai. Ngozi ya ndani ya utumbo wetu hubadilishwa yote kila baada ya siku chache, na seli za shina zinazofanya kazi hiyo zinaitegemea Wnt. Mwaka 1998 wataalamu wa Uholanzi walionyesha kwamba panya waliokosa protini moja inayoshirikiana na beta-katenini ndani ya kiini walikosa seli za shina za utumbo mwembamba, wakafa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mifupa nayo huihitaji Wnt: katika baadhi ya majaribio ya dawa zinazozuia njia hii, mifupa ya wagonjwa ilionekana kudhoofika. Kwa hiyo dawa za kansa za namna hiyo bado zimo katika majaribio, na wataalamu wanatafuta jinsi ya kuinyamazisha ishara ndani ya uvimbe bila kuinyamazisha mwilini kote.

Hata hivyo, maarifa hayo yamekwisha kuzaa tunda mahali ambapo wengi hawakulitazamia. Mwili una protini inayoizuia Wnt katika mifupa, iitwayo sklerostini. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo romosozumabu, ambayo humzuia mzuiaji huyo, na hivyo huimarisha mifupa ya wanawake waliokoma hedhi walio katika hatari kubwa ya kuvunjika. Utafiti ulioanzia kwenye uvimbe wa panya umewafikia akina mama wenye mifupa miepesi.

Jibu kwa mwanafunzi

Sasa narudi kwa kijana yule. Swali lake lilikuwa la haki, na sehemu moja ya jibu ni kukiri hivyo. Nzi hawakumwokoa shangazi yake, na huenda wasingemwokoa hata kama angeishi leo. Mgonjwa wa leo anahitaji hospitali, dawa na wauguzi, na anahitaji afike mapema. Uvimbe mdogo usiouma katika titi si jambo la kungojea mpaka uume. Mtu anayesema kwamba utafiti unaweza kuchukua nafasi ya matibabu hasemi kweli.

Lakini swali lake lilidhania kwamba twajua tangu mwanzo ni mlango gani unaoelekea kwenye tiba. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Mwaka 1973 hakuna kamati yoyote duniani ambayo ingeweza kutabiri kwamba nzi asiye na mabawa atasaidia kuieleza kansa ya utumbo mpana. Madaktari walioipata APC mwaka 1991 wangebaki na jina tupu, kama watu waliookota ufunguo wasiijue nyumba yake. Nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa na watu waliokuwa wakiuliza swali jingine kabisa: pingili za buu hupangwaje?

Na liko jambo la pili, linalotuhusu sisi moja kwa moja. Taarifa ya wingless haikuhitaji mashine ya thamani kubwa. Ilihitaji chupa, chakula cha nzi, lenzi, na mtu mwenye subira ya kutazama. Kazi zilizofuata zilihitaji fedha nyingi, hilo sikatai. Lakini mlango ulifunguliwa kwa vifaa ambavyo shule nyingi za sekondari zinaweza kuvipata.

La kufanya darasani

Walimu wanaopenda wanaweza kuanza wiki hii. Weka kipande cha ndizi iliyoiva sana katika chupa safi ya kioo na uiache wazi mpaka nzi wadogo waingie. Funga mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi. Baada ya siku tatu au nne waachie nzi wakubwa watoke, kisha funga tena. Katika joto la nyuzi 25 hivi za Sentigredi, yai hufikia kuwa nzi kamili kwa muda wa siku 10 hivi. Mahali penye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Wanafunzi wanawe mikono kila wanapomaliza.

Kila siku wanafunzi waandike wanachokiona: lini mabuu ya kwanza yalionekana, lini yalipanda kwenye kuta za chupa na kugeuka bundo, lini nzi wapya walitoka. Watumie lenzi kuhesabu pingili za buu. Kisha wajibu maswali haya matatu:

1. Ikiwa kila seli ya buu ina DNA ile ile, kwa nini pingili zake hazifanani zote?
2. Tofautisheni seli inayopokea Wnt na seli ambayo APC yake imeharibika. Ni ipi kati yake inayoweza kunyamazishwa, na kwa nini?
3. Katika nzi wote waliotoka, je, yuko yeyote asiyefanana na wenzake? Mchoreni, na andikeni tarehe.